Kisa cha Mama wa Mfungo Sita: safari ya kupata jibu la uhakika kuhusu demensia

Kisa hiki ni cha mama mmoja wa mji wa pwani ya kaskazini mwa Tanzania, na cha kutafuta kama kweli ana demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa shughuli zake kidogo kidogo. Nimekiandika kwa idhini yake na ya wanawe. Majina ya watu, ya mji na ya hospitali nimeyaondoa, na mambo mawili matatu ya kifamilia nimeyageuza ili asitambulike. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Niliingia safari ikiwa katikati, na kuna mahali nilikosea mwenyewe, nitapataja.

Mama na nyumba yake

Mama alikuwa na miaka 74 kwa makadirio. Cheti cha kuzaliwa hana. Tulipiga hesabu kwa kuwa Uhuru ulipopatikana, Desemba 1961, alikuwa msichana mdogo anayetumwa kisimani na kurudi na ndoo kichwani. Shule hakwenda. Alisoma chuoni, yaani madrasa, akahitimu Kurani. Herufi za Kiarabu anazisoma vizuri, za kizungu hazijui, ila noti na sarafu anazitambua zote. Kwa zaidi ya miaka 30 aliuza vitumbua barazani kwake alfajiri, na wanawe watatu aliwasomesha kwa vitumbua hivyo.

Ni mjane. Ana kisukari cha miaka 12, anatumia metformini, na presha kidogo. Kifunguamimba wake anafanya biashara Dar es Salaam. Binti wa pili anafanya kazi Muscat na hupiga simu ya video kila Ijumaa. Kitindamimba ni mwalimu katika wilaya jirani. Nyumbani Mama alikuwa anaishi na dada wa kazi mwenye miaka 19, nitamwita Z. Msomaji amshike Z, maana ndiye aliyekuwa na sehemu kubwa ya jibu, na kwa miezi mingi hakuna aliyemuuliza.

Mambo yalivyokwenda

Dalili za mwanzo zilionekana kama tabia tu. Mama alianza kurudia swali lile lile. Fedha za upatu zilipotea, akamtuhumu jirani waliyekaa naye ukuta kwa ukuta kwa miaka 40, kumbe alizificha mwenyewe ndani ya debe la mchele. Wanawe walisema ni uzee. Binti wa Muscat alisema Mama hana tatizo lolote, na kwa alichokiona alikuwa mkweli. Ijumaa Mama alioga, akajifunga kanga safi, akakaa mbele ya simu: hatujambo, Alhamdulillahi, nyie huko hamjambo, wajukuu hawajambo, baba yao hajambo. Salamu za kwetu ni ndefu, na mtu aliyezisema maisha yake yote huzisema hata kumbukumbu zikiwa zimeanza kumtoka. Dakika kumi zikaisha, simu ikakatwa, kila mtu akaridhika.

Kisha miguu ikaanza kumwaka moto usiku. Kwenye kliniki aliandikiwa amitriptilini ya kumeza wakati wa kulala, dawa inayotumika sana kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Ngozi ilimwasha pia, naye akawa anamtuma Z duka la dawa kununua klofeniramini, vile vidonge vya mafua na muwasho ambavyo kila nyumba inavyo. Baada ya wiki kadhaa Mama akaanza kuona watu chumbani. Aliamka saa nane usiku akafungua mlango wa uani kuwakaribisha wageni. Usiku mmoja aliteleza chooni, akajigonga kichwa.

Majirani walisema ni majini. Mama alipelekwa kwa shehe, akasomewa na kunyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani. Shehe yule alimwona mara mbili, na mara ya tatu akamwambia kitindamimba: "Mwanangu, dua tutaendelea nayo, lakini mama huyu kwanza apimwe." Nimesikia watu wengi wa afya wakiwalaumu waganga na mashehe. Katika kisa hiki rufaa ya kwanza iliyo sahihi ilitoka kwa shehe.

Kifunguamimba alikuja kutoka Dar na kumpeleka hospitali. Alikuwa amefika siku mbili tu kabla. Aliulizwa kama Mama anapika mwenyewe, akajibu anapika vizuri. Mama aliulizwa maswali ya fomu, akapata alama 11 kati ya 30. Mazungumzo yote hayakuzidi robo saa. Waliambiwa ni demensia, ni ya uzee, haina dawa, wazoee. Hakuna aliyeuliza anameza nini. Hakuna damu iliyochukuliwa zaidi ya sukari.

Wiki iliyofuata kifunguamimba akaleta karatasi za nyumba ili Mama aweke dole gumba, kabla, kwa maneno yake, "mambo hayajaharibika zaidi." Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ila kitindamimba alishtuka, na ndipo akaja kunitafuta.

Kosa langu

Nilikwenda nyumbani mwishoni mwa Septemba. Nikamwamkia Mama shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, karibu. Kisha nikatoa fomu ile ile ya alama 30.

Kipimo hicho kilitengenezwa Marekani, kikachapishwa mwaka 1975, na kimesaidia wengi, lakini kinamtaka mtu aandike sentensi, anakili mchoro wa pembe tano mbili zilizopishana, na atoe 7 kwenye 100 mfululizo. Mama alishika kalamu kama mtu anayeshika kijiko cha moto, akairudisha mkekani taratibu. Hakusema kitu. Nikamuuliza mwezi. Akasema, "Mfungo Sita." Nikaandika sifuri. Nikamuuliza majira. Akasema, "Kusi, lakini umeshachoka." Nikaandika sifuri.

Z alikuwa anachambua mchele mlangoni. Akainua kichwa. "Sista, samahani. Bibi hajakosea. Huu ni Mfungo Sita, ndiyo maana watu wanasoma Maulidi."

Mimi ni mtu wa bara na Mkristo. Miezi ya mfungo nilikuwa siijui. Pwani miezi huhesabiwa tangu Ramadhani inapoisha: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani, na Ramadhani yenyewe. Na pwani majira hutajwa kwa pepo na mvua, kaskazi na kusi, masika na vuli. Mwishoni mwa Septemba kusi kweli huwa inaelekea ukingoni. Mama alikuwa amejibu sawasawa kuliko fomu yangu. Niliifunga, nikamuomba radhi, nikamwomba Z aache mchele aje akae nasi.

Tulivyoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha jina la ugonjwa. Niliwaambia wanawe kwamba kwa sasa hatuwezi kusema Mama ana demensia, wala hatuwezi kusema hana. Ana kuchanganyikiwa ambako hakujachunguzwa. Niliomba karatasi za nyumba zirudi kabatini. Kifunguamimba alikasirika. Nilimweleza kwamba dole gumba la mtu aliyechanganyikiwa kwa dawa linaweza kuleta ugomvi wa ndugu kwa miaka ishirini, akakubali kusubiri miezi mitatu.

Uamuzi wa pili ulikuwa kumsikiliza Z peke yake, bila Mama na bila wanawe, kwa sababu dada wa kazi hawezi kusema mbele ya wenye nyumba kwamba bibi ametia chumvi kwenye vitumbua badala ya sukari. Nilimuuliza lini alianza kuona tofauti. Z hakutaja tarehe, alitaja Ramadhani. Katika Ramadhani yake ya kwanza pale nyumbani, zaidi ya miaka miwili nyuma, Mama aliuliza kama wamekwishafuturu ilhali vyombo bado viko mkekani. Ramadhani iliyofuata alisali adhuhuri mara tatu siku moja, kila mara akitawadha upya. Vitumbua aliacha kuuza mwenyewe. Aliwaambia watu magoti yanauma, lakini Z alijua kwamba chenji ndiyo ilimshinda. Na watu wa usiku je? Hapo Z alijibu bila kusita: hawakuwapo kabla. Walianza kuja wiki ile ile bibi alipoletewa vidonge vya miguu.

Kwa maneno hayo machache nikapata magonjwa mawili: moja la taratibu lililoanza zaidi ya miaka miwili nyuma, na jingine la ghafla lililopandishwa juu yake. Hakuna fomu ambayo ingenitenganishia hayo.

Uamuzi wa tatu: dawa zote mkekani. Z alileta mfuko wa plastiki, tukaumimina. Metformini, dawa ya presha, amitriptilini, klofeniramini karatasi nne, moja imebaki nusu. Amitriptilini na klofeniramini zote mbili huzuia kemikali ya ubongo inayohitajika kwa kumbukumbu. Kwa mzee huleta mdomo mkavu, choo kufunga, mkojo kubana, usahaulifu na kuona visivyokuwepo, na zikitumika pamoja mzigo hujumlishwa. Nilimuuliza Z kama bibi anapata choo. Akacheka kwa aibu, akasema siku ya tano leo. Daktari aliyekubali kutusaidia alisimamisha klofeniramini siku hiyo na kupunguza amitriptilini hatua kwa hatua hadi kuiacha. Asikatishe mtu dawa ya mzazi wake peke yake. Nyingine zikikatwa ghafla huleta madhara yake.

Uamuzi wa nne ulikuwa vipimo. Tuliomba picha kamili ya damu, sukari, figo, chumvi za damu, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU, kaswende, na mkojo. Wanawe waliona VVU na kaswende ni matusi kwa mama yao. Niliwaeleza kwamba yote mawili yanaweza kuharibu kumbukumbu na yote mawili yana matibabu; tusipopima tutakuwa tunalinda heshima kwa gharama ya akili yake. Mama mwenyewe alinyoosha mkono na kusema, "Nipimeni, mie sina cha kuficha." Kwa sababu alianguka, tuliomba pia picha ya CT ya kichwa: mzee akijigonga, damu inaweza kuvuja polepole kati ya ubongo na fuvu, akaanza kuchanganyikiwa wiki kadhaa baadaye, na daktari wa upasuaji akiitoa damu hiyo mgonjwa anaweza kurudi kuwa yeye.

Masikio yalisafishwa nta. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho. Haya ni madogo, lakini asiyesikia swali hawezi kulijibu.

Tano, kipimo. Tulitumia kile kifupi kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa kutokana na utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee ambao wengi wao shule hawakwenda sana. Kina alama 15. Hakuna kalamu. Mtu huulizwa daraja ni nini, hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno, hupanga njiti za kiberiti kufuata mfano. Alama 7 kushuka chini huashiria demensia, 8 na 9 ni za shaka. Siku hiyo, dawa zikiwa bado mwilini, Mama alipata 4.

Sita, na ndilo lililokuwa gumu zaidi kwa familia: kusubiri. ICD-10, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa uliotangulia ICD-11 iliyoanza kutumika mwaka 2022, hutaka dalili ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi ndipo demensia isemwe kwa uhakika. Sisi tulikuwa na miaka miwili ya Z, lakini ilibidi tuone Mama anabaki vipi yaliyopandishwa juu yakiondoka.

Matokeo

B12 ilirudi ikiwa chini sana. Hapo mnyororo mzima ukaonekana. Metformini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. B12 ikipungua, mishipa ya fahamu ya miguu huwaka moto, na kumbukumbu hudhoofika. Miguu ya Mama ilipowaka ilidhaniwa ni kisukari peke yake, akapewa amitriptilini. Amitriptilini ikaleta wageni wa usiku. Wageni wa usiku wakaleta kombe, kisha fomu, kisha karatasi za nyumba. Vipimo vingine vilikuwa sawa. CT haikuonyesha damu iliyovuja. Ilionyesha ubongo uliosinyaa kiasi na alama ndogo ndogo za mishipa ya damu iliyoziba.

Alianzishiwa sindano za B12. Wiki ya tatu wageni wa usiku hawakuja tena. Wiki ya sita alilala usiku kucha, na choo kikafunguka. Mwezi wa tatu tangu tuanze alipata 9 kwenye kipimo cha IDEA. Familia ilisherehekea, kitindamimba alinipigia simu akilia, akisema Mama amepona.

Hakuwa amepona, na nililazimika kumwambia hivyo. Z alikuwa sasa na daftari, kwa maombi yangu, na daftari lilisema: amerudia kuswali, ametia nazi mara mbili, ameuliza mume wake amerudi lini kutoka shamba. Mwezi wa tisa alipata 8, wa kumi na moja 7. Daktari bingwa wa hospitali ya rufaa alisoma daftari lote kabla ya kumwangalia Mama, jambo ambalo sitalisahau, kisha akasema ni demensia ya hatua ya awali, na kwa mwendo wake na picha ya ubongo inaelekea ni mchanganyiko wa aina mbili: ya Alzheimer, iliyo ya kawaida zaidi, na ile ya mishipa ya damu. Alieleza kila sababu. Alifikiria kuanza donepezili, dawa ya kusaidia kumbukumbu ambayo inaweza kupunguza mapigo ya moyo; akapima moyo, akakuta mapigo tayari ni ya polepole, akaona isianzwe.

Wanawe walitaka Mama asiambiwe. Daktari aliwaomba wamwache amuulize Mama mwenyewe kama anataka kujua. Mama alimtazama, akasema, "Najua nasahau. Mlidhani nimesahau na hilo?" Akaambiwa. Akanyamaza muda. Akauliza kama atawasahau wanawe. Daktari akamjibu kwamba huenda, baadaye, siyo leo.

Kabla ya hapo, katika mwezi wa tano akiwa ametulia, alikaa na wakili, shehe na wanawe wote, binti wa Muscat akiwa kwenye simu. Alisema nyumba isiuzwe akiwa hai, akarudia jambo hilo hilo siku ya pili alipoulizwa upya. Kifunguamimba alitia saini kama shahidi.

Uchambuzi

Mtu anaweza kuuliza: hospitali ya kwanza ilisema demensia, mwisho ikawa demensia, tofauti iko wapi? Iko katika miezi kumi na moja ya Mama mwenye akili ya kutosha kuamua juu ya nyumba yake. Alama 11 za siku ile zilikuwa zimejumlisha vidonge, upungufu wa vitamini, nta ya masikio na kutokwenda shule, vyote vikaandikwa uzee. Utafiti wa Hai uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta demensia kwa takriban 6.4% ya watu wenye miaka 70 na zaidi. Maana yake wazee walio wengi, hata waliofika umri huo, hawana ugonjwa huu, na neno "uzee" halielezi kitu.

Lililofaa kuliko yote ni shahidi. Demensia haionekani kwenye damu ya kawaida. Daktari huitambua kwa mwendo wa muda na kwa mambo aliyokuwa anayaweza mtu na sasa hayawezi, na anayeyajua hayo ni anayelala nyumba moja naye. Ukimpeleka mzazi hospitali, mpeleke na huyo, hata kama ni dada wa kazi, na mwombe daktari amsikilize pembeni. Mwana aliyetoka mbali na mwenye simu ya video wana mapenzi, lakini hawana ushahidi.

Dawa zote kumiminwa mkekani kulichukua dakika tano. Ningekuwa na nafasi ya kuchagua jambo moja tu la kufanywa katika kila kliniki ya wazee, lingekuwa hilo.

B12 ingepimwa tangu miguu ilipoanza kuwaka, kwa mtu wa metformini miaka 12. Haikupimwa mapema kwa sababu sampuli ilibidi isafirishwe hadi Dar es Salaam na ililipiwa mfukoni, kama ilivyokuwa kwa CT. Kitambulisho cha mzee kilitusaidia kwenye foleni ya dirisha la wazee na kwa dawa za kawaida, zaidi ya hapo familia ilichanga. Familia isiyo na mtoto Muscat ingekwama hapa, na hili linaniuma, kwa sababu sindano zenyewe ni rahisi kupatikana kuliko kipimo chake.

Mtoto wa jicho hadi leo hajatolewa. Jirani aliyetuhumiwa wizi hakuombwa radhi kwa wakati. Tulishughulika na ugonjwa tukasahau uhusiano wa miaka 40, na Mama alikosa mwenzake wa baraza kwa karibu mwaka mzima hadi kitindamimba alipokwenda kumweleza.

Na Z. Tulimtegemea mno bila kumpa mapumziko, mshahara wake uliongezwa mwezi wa kumi tu, baada ya mimi kusema mara ya tatu. Daftari lingeanza siku ya kwanza, lakini lilianza mwezi wa pili. Ya nyuma yote yalikuwa kichwani mwake. Mwezi wa kumi na mbili aliolewa, akaondoka. Alimkabidhi msichana mpya daftari, na akakaa naye siku nne akimwonyesha: bibi anaanza na mguu upi chooni, chai yake haitiwi tangawizi, usimwambie ameshaswali mbele ya watu.

Mara ya mwisho nilipokwenda nilisoma ukurasa wa juzi yake, kwa mwandiko wa yule msichana mpya: "Bibi kauliza Z yuko wapi mara nne. Nimemwambia ameolewa. Kila nikimwambia anapiga kigelegele."